Usipande Ndege Kabla ya Asilimia

Walinzi wengi wa Afrika Mashariki walioko Doha hawakujifunzia kazi hiyo Doha. Wapo waliopita JKT ya Tanzania, wapo waliomaliza NYS ya Kenya, wapo waliotoka jeshini au kwenye jeshi la akiba la Uganda, wakalinda Iraq kwanza ndipo wakashukia Qatar. Kwa hiyo wanapoamriwa wapange mstari alfajiri nyuma ya kempu, wakimbie, wabebane mgongoni, waruke ukuta, waangushane kwenye mkeka, hawaoni ajabu. Goti likiteguka hufungwa bendeji, mtu akachechemea hadi posti. Huko walikotoka walifundishwa kwamba anayelalamika mazoezini ni legelege.

Tabia hiyo ndiyo inayoua madai mapema. Sheria ya Kazi ya Qatar, Namba 14 ya mwaka 2004, ina sehemu nzima inayohusu ajali na fidia, kuanzia kifungu cha 108 hadi cha 115, na kwa haki kabisa si sheria mbaya. Inampa majeruhi matibabu kwa gharama ya mwajiri, mshahara akiwa anajiuguza, na fedha ikiwa mwili hautarudi ulivyokuwa. Lakini haki hizo zote hupitia kwenye karatasi tatu: ripoti ya polisi inayosema aliumia kazini, kumbukumbu za hospitali, na ripoti ya mwisho ya madaktari inayotaja ulemavu wake ni asilimia ngapi. Anayerudi Nairobi, Kampala au Dar es Salaam kabla karatasi ya tatu haijatoka amejitia kwenye safari ndefu ya kudai akiwa mbali, hata kama tiketi amekatiwa bure na supavaiza amemsindikiza hadi uwanja wa ndege wa Hamad.

Kabla ya yote hayo, tazama nani aliyetia saini mkataba wako. Sheria hii haiwahusu wanajeshi, polisi wala watumishi wa wizara. Hao wana taratibu zao, na vijana wa Qatar walioitwa kwenye huduma ya kijeshi kadhalika. Mlinzi wa kampuni binafsi yumo ndani ya sheria hata akipangiwa geti la wizara, hata akivaa sare inayofanana na ya askari. Kinachohesabika ni jina la mwajiri kwenye mkataba na kwenye QID, kitambulisho cha mkazi wa Qatar. Mfanyakazi wa nyumbani naye ana sheria yake, Namba 15 ya mwaka 2017, ila kwa upande wa kuumia kazini inamrudisha kwenye fidia hii hii.

Swali linalowasumbua wengi ni kama mazoezi nayo ni kazi. Kampuni hupenda kusema hapana: saa za zamu zilikuwa hazijaanza, hukuwa posti, ulikuwa unanyoosha viungo kwa hiari yako. Sheria imeieleza ajali ya kazini kwa upana kuliko hivyo. Inaingiza ajali inayompata mtu akiwa kazini au kwa sababu ya kazi, na hata njiani kwenda au kurudi kazini, mradi hakukatiza safari wala kupotoka njia. Mazoezi yaliyoamriwa na mwajiri yanaingia kwenye yale maneno “kwa sababu ya kazi”. Kazi yako ni kuonyesha kwamba yaliamriwa. Ushahidi huo mara nyingi uko mfukoni mwako tayari: ujumbe wa kundi la WhatsApp unaosema wote wawe uwanjani saa fulani, onyo kwamba asiyefika atakatwa, karatasi ya mahudhurio uliyotia saini, picha ya kikosi na mkufunzi mbele. Piga picha ya skrini siku hiyo hiyo ukaitume kwa ndugu nyumbani, maana makundi hufutwa na simu za kampuni hurudishwa.

Tuseme ni Jumanne, mlinzi ameteleza akishuka ukuta, goti limegeuka na amesikia kitu kikikatika ndani. Hatua ya kwanza ni kupiga 999, namba ya dharura, si gari la kampuni. Gari la kampuni humpeleka mtu kwenye zahanati ndogo, akapewa vidonge vya maumivu na siku mbili za kupumzika, na hakuna popote panapoandikwa kwamba ilikuwa ajali. Ambulensi ya 999 inaacha alama: saa iliyopigwa simu, mahali ilipomkuta, hali aliyokuwa nayo. Kutoka Sanaiya, eneo la viwanda, huenda akafikishwa hospitali ya Hazm Mebaireek. Majeraha makubwa huenda Hamad General, kwenye kituo cha dharura za ajali. Kokote atakakofikishwa, sentensi atakayoisema pale mapokezi ndiyo itakayoingia kwenye faili, na kila daktari baadaye atainakili. Akisema “nilianguka” tu, wakili wa bima atamuuliza alianguka bafuni? Aseme: nimeumia kwenye mazoezi ya kazi, yaliyoamriwa na kampuni. Kiswahili hakitegemewi kwenye madirisha yale, kwa hiyo aiandike sentensi hiyo kwa Kiingereza kwenye simu akiwa njiani, aionyeshe.

Kisha ujumbe kwa supavaiza, kwa maandishi, siku ile ile. Usiwe na malalamiko wala matusi. Uwe mkavu kama kitabu cha zamu: leo tarehe fulani, nikiwa kwenye mazoezi ya lazima nyuma ya kempu, chini ya mkufunzi wetu, niliteleza nikishuka ukuta, goti la kulia limevimba, siwezi kuukanyagia mguu, walioona ni fulani na fulani, naomba kampuni itoe taarifa polisi na Wizara ya Kazi. Hapo kuna mtego mmoja unaowakamata Waswahili hasa. Sisi tukisema saa kumi na moja alfajiri tunajua tulichokisema, lakini ukiandika namba 11 kwenye ujumbe wa Kiingereza, ajali yako imehamia karibu na adhuhuri, na ripoti ya ambulensi inasema saa tano za Kizungu. Tofauti ya saa sita kwenye karatasi mbili inamtosha mtu anayetafuta sababu ya kukukatalia. Andika 05:00.

Kifungu cha 108 kinamtaka mwajiri awaarifu polisi na wizara mara moja. Polisi wanatakiwa kuchunguza, kuandika maelezo ya mashahidi, ya mwajiri na ya majeruhi mwenyewe kama hali inaruhusu, na ripoti yao ionyeshe kama tukio lina uhusiano na kazi. Usipoona askari yeyote akija kukuhoji ndani ya siku chache, chukulia kwamba taarifa haijapelekwa. Nenda mwenyewe kituoni au tuma mtu aulize namba ya ripoti. Namba hiyo, jina la kituo na tarehe viandike mahali pasipopotea. Majeruhi anaweza kuwa na filamu za eksirei za kujaza mfuko, lakini bila namba ya polisi anabaki mgonjwa tu, si majeruhi wa kazini.

Tofauti kati ya mgonjwa na majeruhi ni fedha, na hapa ndipo wengi hupunjwa kimyakimya. Likizo ya kawaida ya ugonjwa chini ya kifungu cha 82 inalipa wiki mbili mshahara kamili, wiki nne nusu mshahara, baada ya hapo hakuna kitu. Na ukifika mwisho wa wiki ya 12 huku daktari akithibitisha huwezi kurudi, kampuni inaruhusiwa kukuachisha. Aliyeumia kazini yuko chini ya kifungu cha 109: mshahara kamili kwa muda wote wa matibabu hadi miezi 6, na yakizidi hapo, nusu mshahara mpaka apone, athibitishwe ulemavu, au afariki. Chukua wiki kumi za kulala na goti. Kwa mlango wa majeruhi zinalipwa zote kumi. Kwa mlango wa mgonjwa zinalipwa sawa na nne. Kampuni ikikuandikia likizo ya ugonjwa badala ya ajali, haikuchukulii kitu kwa nguvu, imebadilisha tu neno kwenye fomu. Mwezi wa kwanza hutagundua. Tazama ujumbe wa benki mwishoni mwa mwezi wa pili, na mapema kuliko hapo omba uione ile fomu yenyewe imeandikwaje.

Wakati wa matibabu nidhamu ya kijeshi inafaa kuliko mahali pengine popote. Kifungu cha 111 kinamnyima fidia aliyejiumiza makusudi, aliyekuwa amelewa au ametumia dawa za kulevya, aliyekiuka maagizo ya usalama au kufanya uzembe mkubwa, na anayekataa vipimo au kuacha tiba bila sababu ya maana. Hilo la mwisho ndilo rahisi kukunasa. Ukikosa miadi ya mazoezi ya viungo kwa sababu basi la kempu halikuja, tuma ujumbe kueleza hivyo siku hiyo hiyo, vinginevyo kwenye faili umeacha tiba. Kuhusu maagizo ya usalama: kama mkufunzi aliwataka mruke bila mkeka, au mkimbie mchana wa Julai, hilo liandike kwenye maelezo yako ya polisi. Uamuzi wa Waziri Namba 17 wa mwaka 2021 unakataza kazi za nje palipo wazi kuanzia saa 10:00 hadi 15:30 kutoka Juni 1 hadi Septemba 15, na wakati wowote wa mwaka kipimo cha joto na unyevu kikipita nyuzi 32.1 kazi inasimama. Aliyezimia kwa joto gwarideni ana hoja nzito kuliko aliyeteleza, mradi saa ya tukio imeandikwa.

Wenye umri kidogo watakutana na swali la majeraha ya zamani. Kama ulivunjika ukiwa kuruta, sema. Wakigundua ulificha, kila ulichosema kitatiliwa shaka, hata la kweli. Lakini sema pia ulikuwa unakimbia, unasimama saa kumi na mbili kwa zamu na unapanda ngazi kwa miaka mingapi bila tatizo kabla ya siku ile. Cheti cha vipimo vya afya ulichofanyiwa kabla ya kuja Ghuba kinasaidia kuonyesha uliingia mzima, ingawa kusema kweli vipimo vile vinatafuta kifua kikuu na homa ya ini, goti hawaligusi. Ushahidi bora ni orodha za zamu ulizomaliza.

Madaktari wakishafika mwisho wa uwezo wao, ndipo swali la asilimia linakuja. Fidia ya kifo chini ya sheria hii inafuata dia, yaani malipo ya damu, ambayo sheria ya mwaka 2008 iliiweka riyali 200,000. Ulemavu kamili wa kudumu unalipwa sawa na kifo. Ulemavu wa sehemu unalipwa kwa kiwango chake, kwa kufuata jedwali lililoambatishwa kwenye sheria. Goti likipimwa 15%, ni riyali 30,000, ambazo kwa bei ya riyali 3.64 kwa dola zinakaribia dola 8,240. Mshahara wako ulikuwa mdogo au mkubwa, hesabu ni hiyo hiyo. Ni mahali pachache Doha ambapo mlinzi na injinia wanapimwa kwa kijiti kimoja. Linganisha basi na “mkono wa kwaheri” ambao kampuni humwekea mtu mezani, riyali 3,000 na tiketi, akiwa bado na plasta.

Mezani hapo kutakuwa na karatasi ya Kiarabu. Usitie saini usichokisoma, hata ukiambiwa ni risiti tu. Ipige picha, sema utarudi kesho. Aliyekwisha saini asikate tamaa: kifungu cha 4 kinabatilisha msamaha au suluhu yoyote inayomwondolea mfanyakazi haki alizopewa na sheria hii. Ila kuipangua karatasi yenye saini yako ni kazi, na kuifanya ukiwa Kisii au Mbale ni kazi mara tatu.

Kukiwa na ubishi juu ya kiwango cha ulemavu au kama umepona, idara ya kazi hulipeleka suala kwa mamlaka ya tiba, na uamuzi wao ni wa mwisho. Kwa hiyo nenda mbele yao ukiwa umejiandaa. Usiwaambie “nasikia maumivu”, kila mtu anasikia maumivu. Waambie huwezi kuchuchumaa, unashuka ngazi kwa kushika ukingo, ukisimama dakika 40 goti linavimba. Ripoti ikitoka, mihula miwili inaanza kuhesabiwa. Mwajiri ana siku 15 za kulipa tangu ulemavu uthibitishwe au uchunguzi utoe matokeo ya kuthibitisha kwamba ulitokana na kazi. Wewe una mwaka mmoja tangu ripoti ya mwisho ya daktari; ukipita, haki ya kudai imekwenda. Waajiri huumaliza mwaka huo kwa ahadi za simu: bosi yuko safarini, hesabu ziko makao makuu, tutakupigia. Ahadi ya simu haisimamishi kalenda.

Siku ya 16 bila malipo, fungua malalamiko Wizara ya Kazi. Yanaweza kupelekwa kwa mtandao au ofisini. Kwanza watajaribu kuwasuluhisha ndani ya siku 7; ikishindikana, shauri linakwenda kwenye kamati za usuluhishi wa migogoro ya kazi zilizoanza mwaka 2018, ambazo kisheria zinatakiwa kuamua ndani ya wiki tatu tangu kikao cha kwanza. Huko hakuna ada ya mahakama kwa mfanyakazi. Wiki tatu ni za kwenye kitabu. Amnesty International ilipofuatilia kamati hizo mwaka 2019 ilikuta watu wakisubiri miezi. Panga chakula na nauli ukijua hivyo. Na katika kusubiri usihame kempu bila kuandika uko wapi na kwa nini, kwa maana kampuni yenye hasira inaweza kukufungulia kesi ya utoro, na mdai mwenye kesi ya utoro anatumia nguvu zake zote kujitetea. Balozi za Kenya, Uganda na Tanzania zote ziko Doha. Zinaweza kuandika barua, kutafuta mkalimani, kuulizia faili. Kesi haziendeshi, na afisa anayekuambia ataiendesha anakupumbaza.

Kuna kundi moja ambalo njia yake ni nyingine kabisa. Wanaofanya kazi kwa wakandarasi wa jeshi la Marekani, pale kambi ya Al Udeid kusini-magharibi mwa Doha, kwa kawaida wanalindwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1941 inayoitwa Defense Base Act, bila kujali uraia. Wengi hawaambiwi. Taarifa ya kuumia inatakiwa ndani ya siku 30, na madai ndani ya mwaka mmoja, kwa fomu ya LS-203 inayopelekwa Wizara ya Kazi ya Marekani. Asiyeweza kufanya kazi hulipwa theluthi mbili za wastani wa mshahara wake wa wiki, na matibabu yanaendelea kwa gharama ya bima. Chunga mambo mawili. Kwa mgeni asiyeishi Marekani wala Kanada, sheria inaruhusu malipo ya miaka ijayo yakunjwe kuwa mkupuo mmoja kwa nusu ya thamani yake. Mkupuo unavutia kwa macho, lakini kwa kijana aliyeumia vibaya ni hasara kubwa. Na wakili haruhusiwi kuchukua ada ambayo haijaidhinishwa. Anayekuomba asilimia kabla ya kazi, tena kwa simu, mkimbie.

Familia nazo zijue njia. Mwezi Desemba 2022, wakati wa Kombe la Dunia, mlinzi kijana wa Kenya alianguka kwenye uwanja wa Lusail na kufariki hospitalini siku chache baadaye. Ndugu zake walihangaika kutafuta maelezo ya kilichotokea huku dunia nzima ikitazama mechi. Ikiwa kifo chenye macho yote hayo kilileta mahangaiko, fikiria cha kempu. Shirika la Kazi Duniani lilihesabu vifo vya kazini 50 na majeruhi wabaya 506 nchini Qatar kwa mwaka 2020 peke yake, na ripoti yake hiyo hiyo ikasema ukusanyaji wa takwimu una mapengo. Fidia ya kifo mwajiri huiweka mahakamani ndani ya siku 15, na kutoka hapo huenda kwa warithi. Warithi watahitaji cheti cha kifo, ripoti ya polisi, uthibitisho wa mirathi kutoka nyumbani na mtu wa kuwawakilisha Doha. Waulizie cheti kinasema nini kuhusu chanzo cha kifo kabla mwili haujasafirishwa; “moyo kusimama” peke yake haielezi chochote, kila moyo husimama.

Wapo majeruhi ambao hawana budi kuondoka: mama anaumwa, QID imekwisha, au mwili unataka kuuguzwa na watu wake. Kama ni hivyo, usiondoke kabla ya kupata kumbukumbu zote kutoka hospitali, kuomba ripoti ya tiba iliyotiwa muhuri, na kuandikisha hati ya uwakili kwa mtu utakayemwachia. Hati itaje madai haya tu, si mali zako zote. Itaje kwamba anaruhusiwa kuhudhuria, kuwasilisha nyaraka na kupokea hukumu, na kwamba fedha zilipwe kwenye akaunti yako ya nyumbani, yenye namba yake kamili na msimbo wa benki ndani ya hati yenyewe, si kwa jina lake.